Muulize Mama Vitabu: Kipi Kilikushinda?

Barua za mwezi huu ni nyingi, na karibu zote zinaanza vilevile: "Naomba unitajie kitabu kizuri." Wanaonijua wanajua nitakavyojibu. Simuulizi mteja anapenda nini, maana mtu akiulizwa anachopenda hutaja anachotaka aonekane anakipenda. Namuuliza kitabu cha mwisho kilichomshinda, na alikiachia ukurasa wa ngapi. Aliyeachia ukurasa wa 12 ana shida moja. Aliyeachia wa 300 ana nyingine kabisa. Kwa hiyo nimechagua barua za waliolijibu swali langu kabla sijauliza, pamoja na ya bwana mmoja aliyenigombeza.

*Shikamoo Mama Vitabu. Zamani nilikuwa msomaji. Sasa nina watoto wawili wadogo na simu, na kwa miaka miwili sijamaliza riwaya hata moja. Ya mwisho niliifikisha ukurasa wa 40 nikagundua sikumbuki nani mke wa nani. Je, akili imechakaa? — Zamani Nilikuwa Msomaji*

Marahaba mwanangu. Akili haijachakaa. Umechukua kitabu kirefu kwa usiku mfupi, basi. Riwaya yenye watu ishirini inamtaka msomaji anayeirudia kila siku, na wewe ukipata siku mbili mfululizo bila mtoto mwenye homa ni bahati.

Chukua "Small Things Like These" ya Claire Keegan, iliyotoka 2021. Haifiki kurasa 130. Bill Furlong anauza makaa ya mawe na kuni katika mji mdogo wa Ireland mwaka 1985, Krismasi inakaribia. Ana mke na mabinti watano. Asubuhi moja anapeleka mzigo kwenye nyumba ya watawa, anafungua ghala la makaa, anamkuta msichana amefungiwa humo. Tukio kubwa ndilo hilo. Kurasa zinazobaki ni za mtu anayezunguka na jambo kifuani, huku kila mtu mjini akiwa analijua kidogo na kila mtu akiwa na sababu ya kunyamaza. Sababu zenyewe si za kishetani. Watawa haohao ndio wenye ushawishi kwenye shule nzuri ya wasichana, na Furlong ana watoto watano wa kike. Mkewe anamwambia kitandani kwamba yapo mambo ambayo mtu hana budi kuyafumbia macho ili maisha yaende. Mara ya kwanza nilimwona mke yule ana roho ngumu. Mara ya pili nilisikia sauti yangu mwenyewe, nikaweka kitabu pembeni nikaenda kuchemsha maji ambayo sikuyahitaji.

Nyumba za namna ile zilikuwepo kweli Ireland: wasichana na wanawake walifungiwa wakafulishwa nguo bila malipo, na ya mwisho ilifungwa 1996. Sikuambii hayo kukuharibia. Mwandishi mwenyewe ameyaeleza kwenye ukurasa wa nyuma.

Ukiimaliza, na utaimaliza, usikimbilie "Orbital" ya Samantha Harvey kwa sababu tu nayo ni nyembamba. Hicho ni kitabu cha watu sita ndani ya kituo cha anga kwa siku moja. Wanaizunguka dunia mara 16, kwa hiyo wanaona jua likichomoza mara 16. Kilipata Tuzo ya Booker 2024, ile tuzo kubwa ya riwaya za Kiingereza, na kinastahili. Lakini hakina kisa cha kukuvuta mkono. Mmoja wao, Chie, amepata habari huko juu kwamba mama yake amefariki, kimbunga kinakua chini yao, na wao wanaendelea kupima panya wao na kula chakula cha pakiti. Ukiwa na usingizi, kitakulaza. Ukiwa macho saa kumi alfajiri nyumba imetulia, sijui kitabu kingine kinachofaa kuliko hicho.

*Mama Vitabu, baba yangu amestaafu na anataka kusoma. Anasema riwaya ni uongo uliopangwa vizuri. Nilimpa kitabu cha siri za mafanikio, akanirudishia akiwa ukurasa wa 5: "Huyu kijana ananifundisha mimi kuamka mapema?" — Binti wa Mstaafu*

Nampenda baba yako bila kumjua. Mpe "The Wager" ya David Grann, ya 2023. Mwambie hakuna uongo ndani yake isipokuwa ule waliousema mabaharia wenyewe, na hapo ndipo raha ilipo.

Wager ilikuwa meli ya kivita ya Uingereza. Iliondoka 1740 katika msafara wa kwenda kuwawinda Wahispania, na 1741 ikavunjikia kwenye mwamba pwani ya Patagonia, kusini kabisa mwa Amerika Kusini. Kabla hata ya kuvunjika, kiseyeye kilikuwa kimewamaliza watu: meno yanatoka, makovu ya miaka mingi yanafunguka upya. Kurasa za kiseyeye mwonye asizisome akila. Waliosalia walikwama kisiwani kwenye baridi na njaa, wakagawanyika. Mwanzoni mwa 1742 mashua iliyoungwaungwa ikafika Brazil na wanaume 30 hivi, mifupa mitupu, wakapokewa kama mashujaa. Miezi sita baadaye mashua nyingine, ndogo zaidi, ikafika Chile na watu watatu tu, na hao wakasema: wale thelathini si mashujaa, ni waasi.

Sasa msomaji ndiye hakimu. Nahodha Cheap anashikilia amri yake hata pale ambapo hakuna meli ya kuamuru. Mpiga mizinga Bulkeley anaandika shajara kila siku, na kadiri unavyosoma unagundua haandiki kukumbuka, anaandika kujitetea. Grann alichimba shajara na kumbukumbu za mahakama za wakati ule, na hamwambii msomaji amwamini nani. Mstaafu aliyefanya kazi chini ya wakubwa maisha yake yote atakuwa na maoni makali. Mwachie nafasi ya kuyasema mezani, na usimkatize.

Akikiri kimempendeza, kinachofuata ni "Empire of Pain" ya Patrick Radden Keefe (2021), habari za familia ya Sackler. Ndugu watatu, wote madaktari, walijenga utajiri wa dawa. Kampuni yao ikaleta OxyContin, dawa kali ya maumivu, sokoni mwaka 1996, na watu wasiohesabika wakaingia kwenye uraibu huku jina la familia likipamba makumbusho na vyuo. Ni kinene, zaidi ya kurasa 500, na theluthi ya kwanza inamhusu kaka mkubwa, Arthur, aliyefariki 1987, miaka tisa kabla ya dawa hiyo kuuzwa. Wengi wanauliza kwa nini wasome habari zake zote hizo. Wasome. Namna ya kumtangazia daktari dawa kana kwamba unamtangazia mteja sabuni, aliyeifungua njia ni yeye.

*Wewe unajiita Mama Vitabu na unaandika Kiswahili kizuri, lakini kila mwezi unatusomesha vitabu vya Kiingereza. Nilianza kimoja ulichokisifu nikakiachia ukurasa wa 30, kamusi ikiwa imechoka kuliko mimi. Hatuna chetu? — Aliyechoka Kuvumilia*

Umenipiga panapouma, ndugu yangu, na sitajitetea sana. Vitabu vipya vinavyozungumzwa duniani vinanifikia kwa Kiingereza, nami navisifu kwa lugha ambayo havijaandikwa. Ni kama kumsimulia mtu harufu ya chakula.

Basi soma "Peponi". Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel ya Fasihi 2021; aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994 na kuingia orodha fupi ya Booker mwaka huohuo. Tafsiri ya Kiswahili, kazi ya Ida Hadjivayanis, ilitoka 2022. Kwa msomaji wa Kiswahili, basi, ni kitabu kipya. Yusuf ana miaka 12. Mfanyabiashara Aziz hupita kwao, hula, humpa mtoto sarafu, na mtoto anamjua kama mtu wa ukoo. Siku moja anaondoka naye kwa treni. Ni dukani kwa Aziz, kutoka kwa kijana mwenzake Khalil, ndipo anapojifunza kwamba Aziz si ndugu yake hata kidogo: baba yake alikuwa na deni, na yeye amewekwa rehani.

Neno hilo, rehani, lisikilize. Kwa Kiingereza mwandishi alilazimika kumweleza msomaji hali yote ile kidogokidogo. Kwetu neno lipo, lina uzito wake, na likitua linatua lote. Vivyo hivyo mnyapara wa msafara: kwenye kitabu cha Kiingereza anasimama katikati ya sentensi akiwa na jina lake la Kiswahili kama mgeni, kwenye "Peponi" amerudi nyumbani na kila mtu anajua amwogope vipi. Niliwahi kusoma zote mbili sambamba, aya kwa aya, kwa sura tatu. Mara nyingine nilimwonea huruma mfasiri, mara nyingine nilimwonea wivu.

Nami nakuombea jambo moja: ukipenda kitabu kilichotafsiriwa, litafute jina la mfasiri. Tuzo ya Kimataifa ya Booker inagawa fedha nusu kwa nusu kati ya mwandishi na mfasiri, na huo ndio uungwana. Mwaka 2025 waliogawana ni Banu Mushtaq na Deepa Bhasthi kwa "Heart Lamp", hadithi fupi 12 zilizoandikwa kwa Kikannada, lugha ya kusini mwa India, kati ya 1990 na 2023. Ulikuwa mkusanyiko wa kwanza wa hadithi fupi kushinda tuzo hiyo. Mushtaq ni mwanasheria, na inaonekana: wake, mawifi, mashemeji, talaka, waume wanaokumbuka dini pale inapowafaa. Najua ni Kiingereza tena. Lakini hadithi ni fupi, mambo yake unayajua, na kamusi itapumzika. Kiswahili chake nakisubiri nami.

*Habari Mama. Mama yangu mzazi alifariki miezi mitatu iliyopita. Watu wananiletea vitabu vya kufariji, na kila kimoja kinanishinda ukurasa wa kwanza. Nisome nini? — Mwana*

Pole sana, mwanangu.

Kwanza, hulazimiki kusoma chochote. Nimewahi kukosea hapa. Alikuja mwanamume, wiki chache baada ya kumzika mkewe, nami kwa haraka nikamuuzia kitabu kinachopanga majonzi kwa hatua, kimoja cha hivyo vyenye jalada la machweo. Baada ya mwezi akakirudisha, akakilaza juu ya kaunta taratibu, akasema, "Hatua ya nne imechelewa." Sikuwa na la kusema. Nilimrudishia fedha yake, na vitabu vya hatua nikavihamishia rafu ya juu ambako lazima mtu aviombe mwenyewe.

Siku utakapotaka, kipo "Notes on Grief" cha Chimamanda Ngozi Adichie, cha 2021. Ni kidogo sana, vipande vifupivifupi. Baba yake, profesa wa takwimu, alifariki Nigeria Juni 2020, yeye akiwa Marekani na viwanja vya ndege vikiwa vimefungwa. Hakufariji. Ana hasira: na wanaosema marehemu amepumzika, na wanaouliza alikuwa na umri gani kana kwamba umri ni punguzo la bei. Nadhani ndiyo maana wafiwa wanakimaliza. Kimekaa sakafuni pamoja nao, hakiwaambii wainuke.

Ukiona ukurasa wa kwanza nao unakushinda, funga. Kitakungoja.

*Mama Vitabu, nilijiwekea nadhiri ya kusoma washindi wa Booker mmoja baada ya mwingine. Wa 2023 umenishinda ukurasa wa 20. Niendelee na nadhiri? — Mwenye Nadhiri*

Nadhiri za kusoma orodha hazina kafara, ivunje tu.

"Prophet Song" ya Paul Lynch ndiyo iliyokushinda, na najua kwa nini: haina aya. Maneno yamejaa ukurasa mzima kama ukuta, na mazungumzo yamo ndani ya ukuta huohuo. Ni makusudi. Eilish ana watoto wanne na mume wa chama cha walimu aliyekamatwa, na serikali ya nchi yake inabana kidogo leo, kidogo kesho. Mwandishi hataki uvute pumzi mahali ambapo Eilish havuti. Jaribu kukisoma kwa sauti kurasa kumi. Kikikataa, kimekataa.

Rudi nyuma mwaka mmoja. "The Seven Moons of Maali Almeida" ya Shehan Karunatilaka (2022) inachekesha zaidi ingawa msimulizi ameshakufa. Ni mpiga picha za vita, Sri Lanka ya 1990, amepewa miezi saba ya angani, yaani siku saba, ajue nani kamuua na picha zake ziende wapi. "The Promise" ya Damon Galgut (2021) ni mazishi manne ya familia moja ya Afrika Kusini na ahadi ya kumpa nyumba mtumishi wao, Salome; msimulizi anaruka kutoka kichwa cha mtu hadi cha mwingine katikati ya sentensi, na ukishamzoea utaona wengine wanachelewa.

Lakini kama ningekuwa wewe, ningechukua kilichoshindwa. "James" ya Percival Everett ilikuwa orodha fupi ya Booker 2024 ikakosa. Huko Marekani ikapata Tuzo ya Taifa ya Vitabu mwaka huo na Pulitzer 2025. Everett amechukua hadithi ya Huckleberry Finn, ile ya Mark Twain ya 1884, akampa usukani mtumwa Jim. Huhitaji kuwa umemsoma Twain. Jambo moja litakukamata mapema: watumwa wakiwa peke yao wanazungumza lugha safi kuliko mabwana zao, na wakitokea Wazungu wanaivunja. Kuna mahali James anawafundisha watoto kuivunja, kama darasa, wapi pa kukosea na kwa nini. Nilicheka kwa sauti, halafu nikaona aibu kucheka, na nadhani vyote viwili alivipanga yeye.

*Binti yangu ana miaka 15, anapenda wanyama, hapendi "vitabu vya watoto". Kitabu cha shule cha biolojia kilimshinda sura ya pili. — Baba Mtu*

"An Immense World" ya Ed Yong (2022). Kinahusu jinsi kila mnyama anavyoishi ndani ya dunia yake ya hisia: kambare anayeonja kwa ngozi ya mwili mzima, popo anayeona kwa mwangwi, mbwa ambaye kumvuta asinuse njiani ni kama kumziba mtu macho. Asome sura yoyote kwanza, hakitaki mpangilio. Akikimaliza mpe "Entangled Life" ya Merlin Sheldrake kuhusu kuvu na uyoga, cha 2020. Na mwambie mwandishi huyo aliotesha uyoga juu ya nakala ya kitabu chake mwenyewe, akaupika, akaula. Kwa umri wa miaka 15 hiyo inatosha kumuuzia kitabu.

*Mama Vitabu, unatuhoji sana sisi. Na wewe je, kipi kilikushinda? — Mwulizaji*

Haya. "Septology" ya Jon Fosse, Mnorwe aliyepata Nobel 2023. Sehemu saba, kurasa zaidi ya 600, na nukta hakuna. Mchoraji mzee, mjane, anaitazama picha aliyochora, mistari miwili imepishana msalaba, na mawazo yake yanakwenda na kurudi kama maji ya ufukweni. Si kigumu. Nilikuwa nakipenda. Tatizo ni kwamba mimi nasomea kaunta, na mteja akiingia nahitaji nukta ya kusimamia. Fosse hana. Kila nikirudi sijui nilikuwa kwenye wimbi lipi, naanza nyuma kurasa tatu, mlango unafunguka tena.

Nimeachia ukurasa wa 214. Kipo chini ya kaunta, risiti ikiwa ndani.